Somo la Afya: Kahawa Uipendayo na Hesabu ya Sukari

Kila mkazi ana kahawa yake. Kuna anayependa kahawa chungu ya barazani, ile inayomiminwa kutoka kwenye dele ikiwa na tangawizi na iliki. Kuna anayetaka ya maziwa, tamu, kabla ya kupanda matatu asubuhi. Vijana wengi nao hupenda kahawa baridi yenye krimu. Somo hili halikwambii ipi ni bora, kwani kila mtu na ladha yake. Linakuonyesha jinsi ya kuhesabu kilichomo kikombeni.

Kalori ni nini?

Kalori ni kipimo cha nguvu ambazo mwili hupata kutokana na chakula na vinywaji. Nguvu zisizotumika huhifadhiwa mwilini kama mafuta. Kikombe cha kahawa isiyo na sukari wala maziwa kina chini ya kalori 5. Hesabu huanza tunapoongeza vitu:

• Kijiko cha chai cha sukari, kisichojaa kupita kiasi: gramu 4, kalori 16.
• Maziwa yenye mafuta yake, nusu kikombe (mililita 125): takriban kalori 80.
• Kijiko kikubwa cha maziwa mazito ya mkebe yenye sukari: takriban kalori 60.

Glasi kubwa ya kahawa baridi yenye shira na krimu inaweza kupita kalori 300.

Tuhesabu pamoja

Tuseme unakunywa vikombe 3 kwa siku, kila kimoja kikiwa na vijiko 3 vya sukari. Hivyo ni vijiko 9, yaani gramu 36 na kalori 144. Kwa wiki moja umekunywa robo kilo ya sukari. Kwa mwaka ni takriban kilo 13, na bado hatujahesabu soda wala mandazi.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu anayehitaji kalori 2,000 kwa siku asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa, takriban vijiko 12. Ni bora zaidi isizidi gramu 25, takriban vijiko 6. Asali na juisi pia zimo katika hesabu hii.

Mnywaji wa kahawa chungu naye asijisahau. Kashata na halua zinazoandamana na kikombe zina sukari nyingi.

Kwa nini tujali?

Sukari nyingi huongeza uzito na huozesha meno. Uzito uliopita kiasi huongeza hatari ya kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu na magonjwa ya moyo.

Sukari ikae mezani

Katika nyumba nyingi, sukari hutiwa kwenye sufuria na kinywaji huwekwa kwenye chupa kikiwa tayari kitamu. Mzee mwenye kisukari, mtoto na mgeni wote hunywa utamu mmoja, watake wasitake. Pikeni bila sukari, kisha wekeni bakuli la sukari na kijiko mezani. Kila mtu atajipimia. Heshima ya mgeni haipungui kwa kuachiwa ajichagulie ladha yake.

Ukitaka kupunguza, usiache ghafla. Punguza nusu kijiko kila wiki. Aliyezoea vijiko 3 atafika kijiko 1 baada ya wiki 4, na ulimi utakuwa umezoea polepole. Iliki, mdalasini na tangawizi huongeza harufu na ladha bila sukari. Kwenye kibanda, omba sukari iletwe kando.

Zoezi la nyumbani

Kwa siku 7, andika idadi ya vijiko unavyotia katika kila kikombe cha kahawa au chai. Jumlisha, kisha zidisha kwa 16 upate kalori.

Tahadhari

Kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara na uchovu usio na sababu huenda zikawa dalili za kisukari. Fika katika kituo cha afya kilicho karibu nawe upimwe. Ikiwa tayari unatumia dawa za kisukari, zungumza na mhudumu wa afya kabla ya kubadilisha mlo wako, na usiache dawa.