Somo: Kufika Kampala, moyo ukabaki Kisangani

Ndugu wanafunzi, wamoja kati yetu watakwenda kusoma Uganda. Tujifunze mbele ya kuondoka.

Saa yao inatangulia yetu kwa saa moja. Magari yanapita mkono wa kushoto. Angalia kuume kwanza, usigongwe siku ya kwanza! Masomo ni kwa Kiingereza.

Lakini linaloumiza sana ni Kiswahili. Unasalimu muzee kwa heshima, ananyamaza. Usiwaze kwamba anakuchukia. Tangu 2005 katiba yao inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya pili ya serikali, lakini wazee wengi wa Buganda walikisikia kwanza kinywani mwa askari. Basi anza na Kiganda: asubuhi "wasuze otya", kushukuru "webale". Utaona uso wake unafunguka.

Hamu ya kwetu inakamata jioni, saa ya chakula. Matoke ni ndizi zinazofungwa katika majani, zinaiva kwa mvuke, halafu zinapondwa. Si lituma yetu, lakini ni jamaa yake. Kula tu. Ukilia, lia, kisha uandikie wazazi ukweli, si "niko salama" peke yake. Na sisi tunaobaki tujibu upesi.