Gari la Jumatatu, si la Desemba

Mdogo wangu wa Ujiji uliyeniandikia, hongera na pole kwa pamoja. Hongera kwa kudunduliza mpaka hela ya gari imetimia. Pole kwa sababu tangu ulipolisema hadharani, kila mtu kawa mshauri wako: shemeji anataka uchukue Harrier "kwa ajili ya heshima", dalali anakusukumia Passo, mwalimu mwenzako anaapa hakuna kama Vitz. Wengi mmeniuliza hilohilo, kwa hiyo leo tukae wote.

Nianze na kinachotuponza sisi wa Kigoma, mwisho wa reli. Tunanunua gari tukiiwaza safari ya Dar ya mwezi wa kumi na mbili: zaidi ya kilomita 1,200, familia nzima, mabegi, na dumu la mawese la shangazi. Kwa safari hiyo moja mtu anachukua gari la cc 2,400, halafu mwaka mzima analilisha mafuta kwenda sokoni na kurudi. Desemba panda basi au treni, mwaya. Gari lichague kwa safari ya Jumatatu.

Jumatatu yako naijua: Ujiji mpaka mjini ni kama kilomita 8, urudi, upitie Gungu kuwachukua watoto. Tuseme kilomita 20 kwa siku, siku sita, 120 kwa wiki. Kigari kinachokwenda kilomita 12 kwa lita kitakunywa lita 10. Lile la heshima likienda 8 kwa lita, ni lita 15, na hapo bado hujanunua tairi zake. EWURA inapotangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, tazama mstari wa Kigoma, usitazame wa Dar. Petroli ya huku hufika ikiwa imeshalipa nauli.

Jibu langu nalitoa mapema: chukua IST, ile ya toleo la kwanza, ya 2002 hadi 2007. Najua, imejaa kila kona na vijana wanaicheka. Lakini wewe unayekwenda Kasulu au Manyovu umeshabanwa ndani ya mchomoko, gari dogo la abiria, na mchomoko wenyewe mara nyingi ni Probox. Funua boneti ya Probox, kisha ya IST. Injini ni za ukoo mmoja: 2NZ ya cc 1,298 au 1NZ ya cc 1,496, zote za cheni, si za mkanda wa taimingi. Fundi wa Mwanga aliyekulia kwenye Probox haji kujifunzia kwenye gari lako. Plagi, pampu ya maji, maunting za injini, vyote anavijua kwa mkono. Ukinunua gari la ajabu, kifaa kitaagizwa Kariakoo, kitakuja na basi, na siku zote hizo wewe na bajaji.

La pili ni gia boksi, na hapa nisikilizeni vizuri. IST hiyo ya kwanza ina otomatiki ya kawaida ya gia nne. Vitz ya cc 1,300 ya mwaka 2005 kuja huku, Honda Fit, hata IST ya toleo la pili, nyingi ni CVT: badala ya gia kuna mkanda wa chuma unaobana kwenye puli mbili. Si mbaya, inabana mafuta vizuri. Tatizo ni kwamba ina oili yake, na ukikutana na fundi anayemimina ATF ya kawaida humo kwa kuwa "oili ni oili", umekwisha. Ukiipenda ya CVT, oili yake nunua mwenyewe, simama pale ikimiminwa.

Passo na Vitz ndogo sizipondi. Injini yao ya piston tatu ni cc 996, na hiyo namba ina faida yake: injini isiyozidi cc 1,000 haitozwi ushuru wa bidhaa, ilhali kuanzia hapo hadi 2,000 ni asilimia 5. Umri nao unahesabiwa: gari lililozidi miaka 8 linabeba ushuru wa uchakavu, na likizidi 10 unaongezeka. Ndiyo maana kuagiza IST ya zamani kutoka Japani leo kunauma, na wengi tunanunua iliyokwisha kutumika hapahapa. Ukitaka kuagiza, ingia kwanza kwenye kikokotoo cha TRA kabla dalali hajakutajia bei. Kwa anayekaa mjini, peke yake au na mtoto mmoja, Passo inatosha kabisa. Ila ukipakia watu wanne na gunia la mchele, mlima utakuambia.

Na mlima ndio mtihani wenyewe. Usikubali kulijaribu gari barabara ya tambarare ya Ujiji. Anzia stesheni, washa AC, pakia watu wanne, panda kuelekea Mwanga. Injini ikivuma na gari lisisogee sawasawa na mvumo wake, gia boksi inateleza. Shuka, rudisha funguo, ukanywe chai.

Kabla ya hapo, fika bila taarifa, asubuhi. Weka kiganja juu ya boneti: ikiwa ya moto, mwenyewe ameliwasha mapema kuficha kitu. Fungua mfuniko wa oili. Ukikuta utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, huenda maji yameingia kwenye oili. Uliza kama themostati ipo. Mafundi wetu wana tabia ya kuitoa gari linapochemsha, badala ya kutafuta linachemsha kwa nini. Kisha nenda nyuma, keti kwa nguvu kwenye siti. Ikizama, na shokapu za nyuma zikivuja, huo nao ulikuwa mchomoko, umebeba watu saba kwenda vijijini, haijalishi wameupaka rangi vipi.

Herufi za namba zisikudanganye. Najua namba E inavyopendeza mbele ya wenzako, lakini herufi inasema gari lilisajiliwa lini Tanzania, haisemi lilitengenezwa lini wala lilitunzwaje. Namba C ya mwalimu mstaafu anayebadilisha oili kwa wakati naichukua mbele ya namba E ya kijana wa mbio.

Makaratasi kwa kifupi: linganisha namba ya chesisi na kadi, angalia madeni ya trafiki kwenye mfumo wa polisi, na hela isitoke mpaka uhamisho wa umiliki uanze TRA. "Kadi nitakubadilishia baadaye" ni hapana. Gari la bei ya kutupwa lililovuka kutoka Burundi bila ushuru nalo ni hapana, hata kama aliyekuletea ni binamu.

Usimalize hela yote kwenye bei. Bakiza ya tairi nne, oili, betri na bushi za mbele, maana tope la masika na mashimo ya mitaani hayaangalii gari ni jipya kwako.

Kuhusu buti, wewe uliyesema utakuwa unapitia Kibirizi kuchukua mzigo wa mama: dagaa wakavu weka bila wasiwasi. Wabichi wasiingie bila ndoo yenye mfuniko unaobana. Maji yao yakishazama kwenye kapeti hakuna sabuni wala marashi ya kuning'iniza kwenye kioo, na siku ya kuliuza mnunuzi atapunguza bei kabla hajafungua boneti.