Kudaka Mpira na Umbo la Ubongo

Mitihani inapokaribia, kipindi kinyang'anywacho kwanza katika ratiba ya shule ya msingi aghalabu huwa ni kile cha elimu ya viungo. Watoto huitwa ndani, uwanja hubaki mtupu, na hisabati huchukua nafasi. Hoja itolewayo ni kwamba michezo ni kazi ya mwili, na hesabu ni kazi ya akili. Katika makala haya tutaipima hoja hiyo kwa kufuata jaribio lililofanyiwa vijana wa rika la wanachuo wetu.

Jaribio hilo lilichapishwa mwaka 2004 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Regensburg, Ujerumani. Vijana 24 wenye afya njema, ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22 hivi, walipigwa picha za ubongo kwa mashine itumiayo sumaku yenye nguvu. Kisha nusu yao walipewa miezi 3 wajifunze kurusha na kudaka mipira mitatu mfululizo, hadi waweze kuendelea kwa dakika moja bila kuiangusha. Nusu nyingine hawakufundishwa lolote. Picha za pili zilionyesha kwamba, kwa wale waliojifunza, sehemu fulani za ubongo wa kijivu zilikuwa zimeongezeka ukubwa. Kwa wenzao hapakuwa na badiliko. Baadaye waliojifunza waliacha mazoezi kwa miezi 3 mingine, na picha za tatu zikaonyesha kuwa ongezeko lile limepungua sana.

Sasa tuangalie ni sehemu zipi, maana hapo ndipo mwalimu apatapo faida. Mtu angetazamia badiliko katika sehemu ziongozazo mikono. Sivyo ilivyokuwa. Zilizoongezeka ni sehemu zihusikazo na kutambua mwendo wa vitu vionwavyo na kukadiria mahali vilipo. Yaani, kijana aliyedhaniwa anafunza mikono yake alikuwa pia akifunza kuona.

Mwaka 2009 wataalamu wa Oxford, Uingereza, walitumia mchezo uo huo kwa majuma 6. Wao waliona badiliko katika nyuzi nyeupe, zile ziunganishazo sehemu za ubongo. Tena badiliko hilo halikulingana na ustadi: aliyedaka vizuri hakumzidi aliyedaka kwa shida. Twaomba wanachuo wazingatie jambo hili kabla ya kumweka benchi mtoto mzito wa mikono ili timu ishinde.

Hata hivyo, tusilipe jaribio uzito lisioweza kuubeba. Waliopimwa walikuwa vijana, si watoto; walikuwa wachache; na hakuna aliyewapa hesabu za kukokotoa. Mwanachuo atakayemwahidi mwalimu mkuu kwamba mipira itapandisha alama za hisabati atakuwa amevuka mpaka. Lililothibitika latosha: kujifunza tendo jipya la mwili huacha alama katika umbo la ubongo, na alama hiyo yaweza kufifia mazoezi yakikoma. Kwa hiyo kukitenga kipindi cha viungo na kazi ya akili ni kosa, hata kama hakiongezi alama moja.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, jambo hili lionekane katika azimio la kazi. Kudaka kusiwekwe juma moja tu na kusahauliwa, bali kurudiwe muhula mzima, kila mara kwa ugumu mpya kidogo. Vifaa si tatizo: mipira ya matambara au ya majani makavu ya migomba yafaa, na watoto tayari wanacheza rede na mdako. Waanze na mpira mmoja, wakiurusha juu ya kichwa, na waagizwe kutazama pale unapofika kileleni, si kutazama viganja vyao. Mwalimu naye asimame mbele yao, mahali awezapo kuyaona macho ya kila mtoto, kwani mikono inayokosea mara nyingi ni ya mtoto aliyeuacha mpira kwa macho mapema mno.