Usukani Unacheza? Usiiposti Hiyo Baiskeli Kwanza



Kwa wageni: mi nipo Singida mjini, nauza baiskeli za gia za mtumba. Nyingi naziposti WhatsApp na Facebook, mteja akilipia namtumia kwa basi. Ufundi sijasomea popote. Nilimaliza form four, nikaanza na baiskeli moja. Mengi nimejifunza kwa mikono, ila hili la leo nimejifunza kwa aibu.

Kuna mama mmoja wa upande wa Ikungi alinunua kwangu baiskeli ya mlima ya zamani, ya kijana wake wa sekondari. Laki moja na themanini. Picha zilikuwa safi, rangi inang'aa. Siku ya nne akanipigia. Kijana alikuwa anashuka mteremko, akakata kona kukwepa shimo. Usukani ukageuka, tairi la mbele likaendelea kwenda mbele. Akaanguka, akachunika kiwiko na goti.

Mama hakugomba. Aliniuliza tu: "Mwanangu, baiskeli hii ungempa mdogo wako?"

Nilikosa jibu, maana nilikuwa najua nilichofanya.

KOSA LILIKUWA HAPA

Shingo inayoshika usukani ilikuwa imepasuka, nikaagiza nyingine kwa simu. Sasa, baiskeli nyingi za mlima za miaka ya 1980 na 1990 shingo yake inaingia NDANI ya bomba la foku. Mwisho wake chini kuna kabari. Ukikaza ile bolti ndefu ya juu, kabari inavutwa inapanda, inabana kuta za bomba kwa ndani. Kwa hiyo unene wa shingo lazima uendane na tundu. Vipimo utakavyokutana navyo sana ni hivi:

• Milimita 21.1: BMX za zamani na baadhi ya baiskeli za bei nafuu.
• Milimita 22.2: bomba la foku ambalo unene wake wa NJE ni 25.4, yaani inchi moja.
• Milimita 25.4: bomba nene zaidi, nje 28.6. Hili liko kwenye baiskeli nyingi za mlima za miaka ya 1990.

Umeuona mtego? 25.4 ni inchi moja, na imetokea mara mbili. Mi nilipima tundu la ndani nikapata inchi moja, nikamwambia muuzaji "nipe shingo ya inchi moja". Yeye akanipa inayoingia kwenye bomba ambalo NJE yake ni inchi moja, yaani shingo ya 22.2. Hakunidanganya. Kila mtu alikuwa anaongelea inchi yake.

Ilipofika ikawa inaogelea, nafasi zaidi ya milimita 3. Badala ya kuirudisha, nikakata kopo la soda, nikaviringisha, nikakaza kwa nguvu. Ikashika. Nikapiga picha, nikaposti.

Ukweli ni kwamba ile kabari inabana chini tu. Huku juu shingo inategemea kuta za bomba ziishike. Kukiwa na nafasi, kila ukisukuma usukani shingo inatikisika, bati la kopo linasagika, mwisho kabari inaachia. Na ukikaza kupita kiasi unaweza kulitanua bomba la foku, hapo hasara ni kubwa zaidi.

JINSI YA KUKAGUA

1. Simama mbele ya baiskeli, bana tairi la mbele kwa magoti, geuza usukani kushoto na kulia. Tairi limetulia ila usukani unageuka? Shingo imelegea ndani ya bomba.
2. Ning'inia kidogo kwenye vishikio vya usukani. Ukizunguka kwenda chini, tatizo ni pale shingo inapoubana usukani. Hilo ni jambo jingine.
3. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia inagonga chini ya shingo, ni gololi za foku zinataka kukazwa.

Usichanganye hizi tatu. Wengi wanakaza shingo kumbe zimelegea gololi.

JINSI YA KUTENGENEZA

1. Legeza waya wa breki ya mbele kama umepita kwenye shingo.
2. Fungua bolti ya juu mizunguko michache, usiitoe yote. Weka kipande cha mbao juu yake, gonga kwa nyundo. Kabari itashuka, shingo itatoka.
3. Pima. Huna kalipa? Viringisha kipande cha karatasi kwenye sehemu inayozama, weka alama, kisha pima urefu kwa rula. Milimita 66 ni shingo ya 21.1. Karibu 70 ni ya 22.2. Karibu 80 ni ya 25.4. Tundu la bomba pima kwa rula, ukuta hadi ukuta.
4. Kama vipimo vinaendana lakini ilikuwa inacheza, angalia kabari. Ikiwa na kutu au nyuzi za bolti zimeisha, badilisha.
5. Kama shingo ni nyembamba, tafuta ya kipimo chake. Ikikosekana, kuna bushi za kiwandani za kutoka 22.2 kwenda 25.4. Kopo la soda hapana.
6. Paka grisi kidogo kwenye shingo, kabari na nyuzi za bolti, isije ikaganda na kutu. Ingiza mpaka mstari uliochongwa kwenye shingo uzame kabisa. Ukibaki nje, shingo inaweza kukatika.
7. Nyoosha na tairi, kaza, rudia kukagua kwa magoti.

Yule mama nilimfuata. Nikalipia dawa za kijana, nikafunga shingo sahihi ya elfu ishirini pale pale uani kwake, kijana anaangalia. Faida yote ya baiskeli ile ikaisha. Lakini baiskeli alibaki nayo.

Tangu siku hiyo siposti baiskeli bila video fupi: nimebana tairi kwa magoti, nageuza usukani. Na kwenye maelezo naandika kipimo cha shingo, unene wa nje na wa ndani wa bomba, kwa milimita. "Inchi moja" nimeiacha. Kama unauza spea, fanya hivyo hivyo, utapunguza mizigo ya kurudishwa.

Mteja wa mtandaoni hawezi kuishika bidhaa kabla ya kulipa. Anategemea mikono yako. Kwa hiyo kabla hujaposti leo, jiulize lile swali la mama.