SOMO LA HUDUMA: TAKWIMU ZA MWALO ZINAVYOFIKA KWENYE SEVA



Alfajiri, mitumbwi inaporejea Kibirizi na Katonga baada ya usiku wa kuvua dagaa kwa taa, samaki hupimwa na uzito wake huandikwa daftarini. Kumbukumbu hizo zina uzito wake pia. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisitishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Uamuzi unaogusa chungu cha kila kaya haufai kujengwa juu ya takwimu pungufu. Kwa hiyo ni vema tuelewe namna takwimu zinavyoweza kusafiri kutoka mwaloni hadi kwenye seva, yaani kompyuta inayopokea na kutunza taarifa kwa njia ya intaneti.

Kazi hiyo hufanywa na skripti, ambayo ni maagizo mafupi yaliyoandikwa ili kompyuta iyatekeleze. Mfano wake ni huu, ukitumia programu ya bure iitwayo curl (anwani iliyotumika ni ya mfano tu):

curl --fail -d "kumb=KIB-014" -d "samaki=dagaa" -d "kilo=85" https://seva.example/pokea

Tuusome mstari huo kama barua. Sehemu ya mwisho ni anwani ya mpokeaji; herufi "s" katika https huonesha kwamba barua imefungwa kwa usimbaji, asiyehusika asiisome njiani. Kila "-d" hubeba taarifa moja: jina lake upande wa kushoto wa alama ya usawa, na thamani yake upande wa kulia. Alama ya "-d" pia huifanya curl itume ombi la aina ya POST, yaani la kukabidhi taarifa, tofauti na GET, ambalo ni la kuomba kusoma. Majina hayo sharti yafanane na yale yanayotarajiwa na seva. Seva ikisubiri "kilo" nawe ukatuma "ndoo", kipimo hicho hakitapata mahali pake.

Barua ikifika, seva hujibu kwa namba. Namba 200 humaanisha ombi limefanikiwa. Namba 400 humaanisha taarifa zina kasoro, 404 kwamba anwani haikupatikana, na 500 kwamba hitilafu ipo upande wa seva. Neno "--fail" huiagiza curl itangaze kosa pale inapopokea jibu la namba 400 au zaidi, badala ya kunyamaza kana kwamba mambo ni shwari.

Ugumu huja mtandao unapokatika kabla ya jibu kurudi. Hapo mtumaji hawezi kujua kama barua ilipotea, au ilifika na jibu ndilo lililopotea. Asipotuma tena, huenda kilo 85 zikakosekana kabisa. Akituma tena ovyo, huenda zikahesabiwa kuwa 170. Dawa yake ni namba ya kumbukumbu, hapa KIB-014. Mtumaji hurudia kutuma kwa namba ileile, bila kuibadilisha, na seva hupangwa mapema ikatae kuandika namba moja mara mbili. Kwa utaratibu huo, kurudia hakuharibu hesabu.

Tahadhari moja zaidi: tuma kinachohitajika tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa zinazomtambulisha mtu. Ikiwa kinachotafutwa ni uzito wa dagaa, hakuna sababu ya kuongeza namba ya simu ya mvuvi.

Kwa muhtasari, mtumaji azingatie mambo matatu: athibitishe majina ya taarifa na vipimo kabla ya kutuma, asubiri jibu la seva, na atunze daftari hadi jibu la mafanikio lirudi. Nawe mvuvi, samaki wako wanapopimwa, hakikisha uzito ulioandikwa ni sahihi na uulizie namba ya kumbukumbu. Seva hutunza kile ilichopewa. Ukweli wa takwimu huanzia kwenye mizani, palepale mwaloni.