Umechanja kideri na kuku bado wanakufa? Chunguza Gumboro

Swali hili naulizwa sana: "Afisa, nimechanja kideri kwa wakati, mbona kuku wanaisha?" Chanjo inaweza kuwa nzima kabisa, ila mwili wa kuku hauna uwezo wa kuipokea.

Twende taratibu. Juu kidogo ya tundu la haja, kifaranga ana kifuko kiitwacho bursa. Humo hukomaa seli B, askari wa kinga. Kila seli B ina vipokezi juu yake, vyenye umbo la kunasa adui wa aina moja. Kirusi cha chanjo ya kideri kikinaswa, seli hiyo huongezeka na kutoa kingamwili za kupambana na kideri. Hiyo ndiyo kinga unayoilipia.

Sasa Gumboro, ugonjwa uliopewa jina la eneo la Gumboro, Delaware, Marekani, ulikotambuliwa mwaka 1962. Kirusi chake huingia kwenye seli B changa ndani ya bursa, huzaliana humo na kuziua. Askari wanakufa wakiwa bado kambini!

Vifaranga wa wiki 3 hadi 6 huonyesha dalili: kuhara nyeupe, manyoya kusimama, vifo vya ghafla. Wakiambukizwa kabla ya wiki 3, unaweza usione kitu, lakini kinga yao imeshaharibika. Ukiwachanja kideri baadaye, haishiki vizuri.

Kwa nini basi tusichanje Gumboro siku ya kwanza tu? Kwa sababu kifaranga huzaliwa na kingamwili za mama yake. Zikiwa nyingi, hukizima kirusi cha chanjo kabla hakijafanya kazi. Ukichelewa nazo zikaisha, kirusi cha bandani kinawahi. Ndiyo maana wengi huchanja siku ya 14 na kurudia siku ya 28.

Zingatia haya:

1. Uliza unakonunua vifaranga kama mama zao walichanjwa Gumboro, kisha panga ratiba na mtaalamu.
2. Chanjo ya maji ichanganye na maji safi yasiyo na klorini, inywewe yote ndani ya saa 2.
3. Ondoa matandazo ya zamani, osha banda, pulizia dawa. Kirusi hiki hudumu bandani kwa miezi.
4. Kuku wakifa, mwite daktari wa mifugo awapasue aangalie bursa: huvimba mwanzoni, kisha husinyaa.

Gumboro haina tiba. Hivyo kabla hujailaumu chanjo ya kideri, hakikisha bursa ni nzima.