Somo la ufundi: Kutuma barua na faili kama mutandao hauko kila saa



Shida hii munaijua bila sisi kuieleza sana. Kahawa imekauka, magunia yamepimwa, mununuzi wa muji anangojea liste ya kilo, na mutandao unakuja dakika kumi kisha unapotea. Sekreteri anapanda kilima na telefone mukononi. Anatuma, inakatika. Anaanza tena, inakatika tena. Kila kuanza tena inakula makuta ya koperative, na kesho yake mununuzi anasema hakupata kitu.

Programu nyingi za leo zimetengenezwa kwa mutu mwenye laini inayofunguka usiku na mchana. Lakini kuko programu ya zamani ilitengenezwa kwa hali sawa ya kwetu: laini ni ya bei kali, inafunguka kidogo, na kila dakika inalipwa. Inaitwa UUCP. Katika somo hili tutaona namna inafanya kazi, namna ya kuiweka kwenye ordinateri, na mahali makuta yanaweza kuvuja.

UUCP iliandikwa na Mike Lesk katika maabara za Bell, kule Marekani. Mwaka wa 1978 ilikuwa tayari kwenye mashini 82 za ndani ya kampuni hiyo ya telefone. Mwaka wa 1979 ilitoka pamoja na Unix ya saba, vyuo vikuu vikaipata, na kwa miaka mingi barua za ordinateri zilipita kwa njia hiyo. Hakukuwa laini ya kudumu kati ya mashini hizo. Mashini moja ilipigia ingine telefone usiku, wakati bei imeshuka, ikatoa barua zake, ikachukua zinazoingojea, ikakata.

Wazo lake ni lile la kitunga kwenye mulango wa depo. Mutu akiandika barua saa nne ya asubuhi, haiendi mahali popote. Inaingia katika kitunga, ndiyo dosiye /var/spool/uucp, inalala pale. Saa ya kupiga ikifika, programu inaitwa uucico inabeba kitunga chote kwa safari moja. Laini ikikatika katikati, barua ambayo haikufika inabaki kitungani mpaka safari ingine. Hakuna mutu wa kukaa mbele ya mashini na kuangalia.

Mutauliza: sisi huku milimani hatuna hata uzi wa telefone, hii itatusaidia nini? Uzi si lazima. UUCP haijali sana inapita wapi. Inapita kwenye modemu ya telefone, inapita kwenye mutandao wa kawaida, inapita hata kwenye redio. Katika Afrika ya Kusini, mupango mumoja unaitwa Wizzy Digital Courier uliitumia kwa mashule: mashini ya shule ilipiga telefone usiku, na pale telefone hakuna, faili zilibebwa mukononi juu ya kifunguo cha USB. Katika musitu wa Amazon, shirika la Rhizomatica linaitumia juu ya redio ya mawimbi mafupi, pale antene za telefone hazijafika. Ndiyo maana tunaieleza hapa kwa modemu, juu modemu ndiyo njia ya kwanza na inaonyesha kila kitu wazi. Mukiielewa hapo, kubadilisha njia ni kubadilisha faili moja ao mbili tu.

Mbele ya kugusa mashini, tufanye hesabu. Modemu ya mwendo wa 9600 inapitisha karibu herufi 960 kwa sekunde. Liste ya wanamemba 200, kila mumoja mustari wa herufi 40, ni herufi 8,000. Inapita kwa sekunde 8 ao 9. Kwa modemu ya 2400 ni sekunde 33. Sasa chukua picha moja ya telefone, tuseme herufi milioni moja: kwa 9600 ni dakika 17, kwa 2400 ni zaidi ya saa nzima. Liste ileile ukiiandika kwa maneno inapita. Ukiipiga picha kwenye karatasi, inameza makuta ya mwezi. Komite ikubaliane juu ya jambo hili kwanza, mbele hata ya kununua modemu: kwa njia hii tunatuma maandishi, hatutumi picha.

Tuanze. Tuseme mashini yenu inaitwa kilima, na mashini ya muji inaitwa depo. Majina yawe mafupi, kwa sababu mashini za zamani zilisoma herufi 7 tu, na hata leo jina fupi halileti shida. Mashini mbili zisiwe na jina moja katika umoja wenu.

Kwenye Linux ya Debian, programu inakuja kwa amri moja:

apt install uucp cu

Hiyo ni UUCP ya Ian Lance Taylor, na faili zake za kupanga ziko katika dosiye /etc/uucp. Musikimbilie kuzijaza. Jaribu modemu kwanza, peke yake:

cu -l /dev/ttyS0

Andika AT, bonyeza. Modemu ikijibu OK, iko hai. Kutoka, andika alama ~ na nukta. Kama haijibu, shida iko kwenye waya, kwenye mulango wa nyuma ya mashini, ao kwenye umeme. Hakuna faili ya UUCP itakayoponya hiyo. Watu wengi wanapoteza siku mbili wakibadilisha maandishi, kumbe waya haujaingia vizuri.

Kisha faili ya kwanza, config. Mustari mumoja unatosha:

nodename kilima

Faili ya pili, port, inasema modemu iko wapi:

port modemu
type modem
device /dev/ttyS0
speed 9600
dialer hayes

Faili ya tatu, dial, inasema namna ya kuongea na modemu hiyo:

dialer hayes
chat "" ATZ OK ATDT\T CONNECT
chat-fail BUSY
chat-fail NO\sCARRIER

Soma mustari wa chat sawa mazungumuzo: usingojee kitu, sema ATZ, ngojea OK, sema ATDT na namba, ngojea CONNECT. Mistari miwili ya mwisho ina faida kubwa. Bila hiyo, laini ikiwa na mutu, mashini yenu itakaa ikingojea bure. Nayo ikiwepo, inakata mara moja.

Faili ya nne ndiyo kubwa, sys. Hapa munaandika mutu wa kuongea naye, saa gani, kwa namba gani:

system depo
time Any2300-0500
phone 123456
port modemu
call-login *
call-password *
max-retries 5

Mustari wa time unasema: kila siku, kuanzia saa tano ya usiku mpaka saa kumi na moja ya asubuhi, na saa ingine hapana. Huu ndio ufunguo wa sanduku la makuta. Mutoto akicheza na mashini muchana, ao sekreteri mugeni akijaribu kutuma, haitapiga. Itajibu tu kwamba saa si yake. Na max-retries inazuia ile hatari ingine: namba imeandikwa vibaya, na mashini inapiga usiku kucha nyumbani kwa mutu asiyewajua, kila simu ikilipwa. Ukiacha bila kuandika, programu itajaribu mpaka mara 26. Sisi tunaona 5 inatosha. Ikishindwa mara tano, mutu aende kuangalia.

Nyota mbili za call-login na call-password zinaambia mashini itafute jina na neno la siri katika faili ya tano, call:

depo kilima nenolasiri

Hapo depo ni mashini ya kupigia, kilima ni jina mutakaloingia nalo, na la mwisho ni neno la siri lenyewe. Faili hii isisomwe na kila mutu:

chown uucp /etc/uucp/call
chmod 600 /etc/uucp/call

Kuko kitu kinashangaza wengi wakifungua mabuku ya UUCP: mashini inangojea neno "ogin:" na "word:", si "login:" na "Password:". Si kosa la uandishi. Mashini ingine inaandika L kubwa, ingine l ndogo, na mara nyingi herufi ya kwanza inapotea laini ikifunguka. Basi wazee wa Unix wakaikata tu. Mazungumuzo hayo yamo tayari ndani ya programu, hamuhitaji kuyaandika.

Kule mujini, kwenye depo, kazi ni ndogo lakini inahitaji akili zaidi, juu ni wao wanafungua mulango. Wanatengeneza jina la kuingilia "kilima" ambalo programu yake ni uucico, si ile ya kutoa amri yoyote. Na katika sys yao wanaandika:

system kilima
time Never
called-login kilima
commands rmail

Time Never maana yake depo haitapiga hata siku moja. Inangojea kupigiwa, na simu inalipwa na upande mumoja unaojulikana. Barua za kwenda kilima zitachukuliwa katika simu hiyohiyo. Mustari wa commands musiudharau. UUCP inaweza kuomba mashini ya mbali ifanye kazi, si kubeba faili tu. Ndivyo barua inavyofika: kilima anaomba depo aendeshe rmail, na rmail anaitia barua kwa mwenyewe. Mukiruhusu amri zingine, mutu aliyeiba neno la siri la kilima anaweza kufanya mengi kwenye depo. Acha rmail peke yake.

Sasa faili ya kwanza:

uucp -r mavuno.txt 'depo!~/'

Alama ! inatenga jina la mashini na mahali pa kuweka. Alama ~ ni dosiye ya wote, /var/spool/uucppublic, na wageni hawaruhusiwi kuandika pengine. Vile vialama vidogo viwili pembeni musivisahau, bila hivyo ordinateri inaielewa ! vingine. Na -r inasema: weka kitungani, usipige sasa. Zamani alama hiyohiyo ilionyesha njia nzima ya barua: depo!bandari!mununuzi ilimaanisha pitia depo, kisha bandari, ndipo ufike kwa mununuzi, na mutumaji ndiye alipaswa kujua kila kituo. Barua iliweza kuchukua siku kadhaa. Leo depo wenyewe wanajua njia ya mbele, ninyi munawapa tu.

Kwa barua, kama munatumia Postfix, ongeza katika main.cf:

relayhost = depo
default_transport = uucp

Mustari wa uucp umo tayari katika master.cf yake. Angalieni tu uko na -r, ili kila barua isiamshe modemu.

Kuangalia kitunga: uustat -a. Kutoa kitu kilichowekwa vibaya, ile picha ya dakika 17 kwa mufano: uustat -k na namba yake. Ifanyike mbele ya saa tano.

Simu ya kwanza ipigeni mbele ya macho yenu, si usiku. Badilisha time iwe Any kwa muda, kisha:

uucico -S depo -x chat

Mazungumuzo yote yataandikwa katika faili /var/log/uucp/Debug, muyasome pale. S kubwa inaambia programu isingojee hata kama simu ya mbele ilishindwa. Kwa s ndogo inaweza kukataa, ikisema "Retry time not reached". Ikiandika "Timed out in chat script", angalia ni neno gani ilikuwa inangojea wakati huo. Kama ni CONNECT, shida ni namba ao modemu ya upande wa pili. Kama ni ogin:, modemu zimeelewana lakini depo hawakufungua mulango. Kama ni word:, jina mulilotuma halikupokelewa vizuri. Kisha rudisha saa zenu, na katika cron ya mutumiaji uucp weka:

5 23 * * * /usr/sbin/uucico -s depo

Batri ya pano ya jua iwe na nguvu ya kufika saa hiyo. Kama haifiki, chagueni saa moja ya magaribi na mulipe bei ya juu kidogo. Mashini iliyozimika haina bei ya usiku.

Asubuhi sekreteri afungue /var/log/uucp/Log. Anatafuta "Handshake successful", maana yake mashini zilijuana, na "Call complete" na hesabu ya sekunde. Sekunde hizo aziandike katika daftari pamoja na tarehe. Faktire ya telefone ikikuja, komite inaweka daftari na faktire pamoja juu ya meza. Kama faktire ina simu ambazo Log haina, laini inatumiwa na mutu mwingine ao kampuni imehesabu vibaya, na mutakuwa na karatasi ya kuwaonyesha.